Kaunti ya West Midlands: toa siku tatu, na iliyo bora uipe Dudley

Wengi wanaofika West Midlands wako njiani kwenda kwingine. Wanabadilisha treni Birmingham New Street, wanaona zege na watu wanaokimbilia ngazi, kisha wanaondoka na hukumu yao mkononi: mji wa viwanda, hauna kitu. Wamekosea. Tunaipa kaunti hii nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imekatwa kwa sababu mbili: kufika Dudley kunasumbua, nako ndiko kwenye mambo, na ratiba za majumba ya makumbusho hubadilika mara kwa mara. Vingine vyote ni suala la kujua uanzie wapi.

Uanze na jina, maana hapo ndipo watu wanapoanza kupotea. Kuna kanda ya West Midlands, kubwa, inayofika mpaka wa Wales. Kuna na kaunti ya West Midlands, ndogo, kilomita za mraba kama 900 tu, ila imebeba watu karibu milioni 2.9. Kaunti ilianza mwaka 1974 kwa kumega vipande vya Staffordshire, Warwickshire na Worcestershire. Baraza lake likavunjwa mwaka 1986, na tangu hapo kazi ziko mikononi mwa halmashauri saba: Birmingham, Coventry, Dudley, Sandwell, Solihull, Walsall na Wolverhampton. Kwa hiyo ukiona tangazo la vivutio vya West Midlands lenye picha ya Warwick Castle au nyumba aliyozaliwa Shakespeare kule Stratford-upon-Avon, jua wanazungumzia kanda. Hivyo viko Warwickshire, na Ironbridge iko Shropshire. Ni pazuri huko, lakini pasi ya siku ya mabasi ya kaunti haikufikishi.

Jambo jingine la adabu: watu wa Dudley, Sandwell, Walsall na Wolverhampton hujiita watu wa Black Country, yaani Nchi Nyeusi, jina lililotokana na makaa na moshi. Brummie ni mtu wa Birmingham. Kumwita mtu wa Dudley Brummie ni sawa na kumwita Mpemba Muunguja. Atakusahihisha, na atakusahihisha kwa urefu.

Ardhi yenyewe ni uwanda ulioinuka. Kilele chake ni Turners Hill, kwenye vilima vya Rowley, mita 271 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya upande mmoja wa vilima hivyo huingia Mto Tame, ikafuata Trent mpaka Bahari ya Kaskazini. Ya upande wa pili huingia Stour, ikafuata Severn mpaka upande wa Atlantiki. Ndiyo maana hakuna mto mkubwa hapa, kwani mito yote bado iko utotoni. Mto Rea unapita ndani ya Birmingham na unaweza kuuvuka bila kujua, umefungiwa kwenye mtaro wa matofali. Mji wa viwanda usio na mto wa kupitisha mashua una njia moja tu: uchimbe mito yake wenyewe. Ukilielewa hilo, kaunti nzima inaanza kusomeka.

Sasa Dudley. Chini ya mji huu vilikutana vitu vitatu ambavyo kwingine hukaa mbalimbali: makaa ya mawe, mawe ya chuma na mawe ya chokaa. Tabaka moja la makaa lilikuwa na unene wa karibu mita tisa. Makaa ya kuchoma, chuma cha kuyeyusha, chokaa ya kutenga uchafu kwenye tanuri, vyote ndani ya mwendo wa mguu. Ndiyo sababu hasa ya kaunti hii kuwepo, na inaonekana kwa macho pale Wren's Nest, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1956, ya kwanza Uingereza kulindwa kwa ajili ya jiolojia yake. Kuingia ni bure. Mwamba wake ni sakafu ya bahari ya miaka zaidi ya milioni 420 iliyopita, wakati kipande hiki cha dunia kilikuwa kusini mwa ikweta, kwenye maji ya joto yenye matumbawe. Aliyekulia karibu na kuta za mawe ya matumbawe za Lamu au Mji Mkongwe hahitaji maelezo mengi hapa, atayatambua maumbo. Pana ukuta mmoja wa mwamba uliosimama wima, wenye viwimbi vya mchanga vilivyoganda kama vile maji yameondoka jana. Humu zimepatikana aina zaidi ya 700 za visukuku. Maarufu ni trilobiti mmoja, mnyama wa bahari wa kale mwenye gamba la pingili, ambaye wachimbaji walimwita Mdudu wa Dudley, na mji ukamweka kwenye nembo yake. Kugonga mwamba kwa nyundo ni marufuku. Vaa viatu vya kushika ardhi. Baada ya mvua, ule udongo wa chokaa huteleza kama sabuni.

Mwendo wa dakika ishirini na kitu kutoka hapo ni Black Country Living Museum, na ni kwa ajili yake tunasema siku bora uipe Dudley. Ni mji mdogo wa wazi, wenye maduka, karakana, shule na nyumba, nyingi zikiwa majengo halisi yaliyobomolewa kwingine na kujengwa upya hapa tofali kwa tofali. Jengo la Workers' Institute lina habari yake. Mwaka 1910 wanawake wa Cradley Heath waliokuwa wakifua minyororo kwenye vibanda vya nyuma ya nyumba, wakiongozwa na Mary Macarthur, waligoma wiki kumi mpaka wakapata ujira wa chini uliokuwa karibu mara mbili ya waliokuwa wakilipwa. Fedha za mfuko wa mgomo zilizobaki ndizo zilizojenga jengo hilo.

Uliza langoni ni saa ngapi mfua minyororo anafanya kazi, kisha upange siku yako kufuata saa hiyo. Fito ya chuma inakaa motoni mpaka rangi iwe ya manjano inayokaribia weupe. Inapindwa kuwa umbo la U, inapitishwa kwenye pete iliyotangulia, ncha mbili zinalazwa moja juu ya nyingine, kisha nyundo, mapigo machache ya haraka, na pete imefungwa. Chuma kikipoa kidogo tu hakiungani tena, sharti kirudi motoni. Ukiona kasi ile ndipo unaelewa kwa nini mtoto wa fundi alijifunza kazi kabla ya kusoma.

Uliza pia kama mashine ya mvuke ya Newcomen inawashwa siku hiyo. Ni nakala ya ukubwa kamili ya ile ya mwaka 1712 iliyojengwa karibu na hapa kutoa maji mgodini. Mvuke unajaza silinda, maji baridi yanarushwa ndani, mvuke unanywea, na hewa ya nje ndiyo inayosukuma pistoni kushuka. Ile ya awali ilipiga mara kama 12 kwa dakika, kila pigo likitoa lita kama 45. Isipowashwa utaona jumba na boriti tu, na watu wengi hupita bila kujua wamekosa nini.

Tahadhari mbili za chakula ndani ya makumbusho. Samaki na chipsi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, kama zamani. Ladha yake ni nzuri mno, lakini anayekula halali tu, au asiyekula ng'ombe, ajue kabla ya kupanga foleni, maana hata chipsi zimepita humo. Na zile faggots, madonge ya kienyeji yanayouzwa na njegere sehemu nyingi za Black Country, ni maini na nyama za ndani za nguruwe. Barabara za ndani ni za matofali na mawe, hazina usawa, kwa hiyo kigari cha mtoto chenye magurudumu madogo kitakutesa. Tenga saa tano. Tatu hazitoshi.

Jirani kabisa na makumbusho ndipo boti za Dudley Canal and Tunnel Trust zinapoingia kwenye handaki. Handaki la Dudley lilifunguliwa mwaka 1792 na lina urefu wa karibu kilomita 2.9. Boti ni za umeme, kwa sababu hewa ndani haitoshi kwa injini ya dizeli. Safari huchukua kama dakika 45, ikipita mapango ya chokaa yaliyochimbwa kwa mkono. Handaki halina njia ya farasi, kwa hiyo zamani mabaharia walilala chali na kuitembeza mashua kwa kukanyaga ukuta. Abiria huruhusiwa kujaribu, na baada ya dakika mbili mapaja yatakwambia. Chukua koti hata Julai, ni baridi na dari inadondosha maji. Kata tiketi mapema siku za likizo za shule.

Kufika huko ndiko kero yenyewe. Stesheni ya treni ya mjini Dudley ilifungwa miaka ya 1960. Panda treni ya polepole ya njia ya Wolverhampton kutoka New Street, ushuke Tipton, kisha tembea kama kilomita moja na nusu. Treni za haraka hazisimami hapo, soma ubao vizuri. Usishuke Dudley Port kwa kudanganywa na jina: si mjini Dudley, na hapana bandari. Muda ukibaki, panda kilima cha Dudley Castle. Bustani ya wanyama iliyo chini yake ilifunguliwa mwaka 1937 na majengo yake ya zege yaliyopinda, kazi ya msanifu Berthold Lubetkin na wenzake wa kampuni ya Tecton, yanavutia kuliko wanyama wenyewe. Mwinuko ni mkali kwa mwenye magoti mabaya.

Siku ya pili itembee kando ya mfereji. Anzia Gas Street Basin, katikati ya Birmingham, ufuate njia kuu ya mfereji kuelekea Wolverhampton hadi Smethwick, kilomita sita na kitu, tambarare yote. Ulioko ni mfereji mpya wa Thomas Telford wa miaka ya 1820, ulionyooka kama rula. Ule wa zamani wa James Brindley ulizungukazunguka vilima, na bado upo. Hapo Smethwick miwili hiyo inaagana: mfereji wa zamani unapanda kwa malango matatu ya maji na kwenda sambamba na mpya, mita sita juu yake. Pita chini ya Galton Bridge, daraja la chuma la mwaka 1829 lenye upana wa mita 46 bila nguzo katikati, kisha endelea kama dakika ishirini hadi Stewart Aqueduct. Simama hapo uangalie juu. Mfereji wa zamani unavuka juu ya mfereji mpya kwa daraja la maji, reli inapita pembeni, na juu ya vyote hivyo barabara ya M5 imesimama kwenye miguu ya zege. Ni miaka mia mbili ya usafiri katika mtazamo mmoja, na hakuna kiingilio.

Tazama pia kingo za madaraja ya zamani. Chuma kimechimbwa mifuo, kama kisu kilivyopita kwenye siagi. Ni kamba za farasi wavuta mashua hizo, zikisugua na mchanga kwa vizazi. Njia huwa na tope baada ya mvua na waendesha baiskeli wanakuja kwa kasi chini ya madaraja, msikilizie kengele. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, hivyo anza asubuhi. Rudi kwa treni kutoka stesheni ya Smethwick Galton Bridge, ni dakika chache tu hadi mjini.

Mjini Birmingham, usiumalize muda wako wote ndani ya Bullring. Jengo la Selfridges lenye visahani 15,000 vya alumini ni la kupigia picha, ndani ni maduka kama ya kwingine. Panda Library of Birmingham, ambayo Malala Yousafzai aliifungua Septemba 2013. Kiingilio hakuna, kuna bustani juani na ghorofani kabisa chumba cha mbao cha Shakespeare kilichohamishwa kutoka maktaba za zamani. Angalia saa zake kwanza, kwani baada ya fedha za halmashauri kuyumba mwaka 2023 huduma nyingi zimepunguzwa, na huko Thinktank, jumba la makumbusho ya sayansi la Birmingham, pia uliza kama wataiwasha Smethwick Engine. Mashine hiyo ya mvuke ya mwaka 1779, kongwe kuliko zote duniani zinazoweza kufanya kazi bado, ndiyo iliyokuwa ikirudisha maji juu kwenye malango ya mfereji uliouona Smethwick.

Mtaa wa masonara, Jewellery Quarter, ni kituo kimoja kwa treni kutoka Snow Hill. Museum of the Jewellery Quarter ni karakana ya Smith & Pepper, iliyofungwa mwaka 1981 na kuachwa kama ilivyokuwa, vikombe vya chai vikiwa mezani. Tazama meza za mafundi: kila mmoja amekatiwa nusu duara, na chini ya nusu duara hiyo inaning'inia ngozi. Ni ya kudaka unga wa dhahabu unaodondoka kwenye tupa. Hata aproni zilichomwa na maji ya kunawia yakachujwa, ili dhahabu irudi. Hayafunguliwi siku zote, hakikisha kwanza.

Kutoka hapo teremka hadi Icknield Street ulione jengo la Birmingham Mint, hata kama ni kwa nje tu, kwani kiwanda kilifungwa mwaka 2003. Familia ya Heaton ilinunua mashine za Matthew Boulton mnadani mwaka 1850 na kuanza kufulia sarafu nchi za mbali. Kama nyumbani kwenu kuna kopo la sarafu za kale, zitoe. Rupia ya Mombasa ya mwaka 1888 na baadhi ya zile senti zenye tundu za Afrika Mashariki zina herufi ndogo H: ni Heaton. Zenye KN ni za Kings Norton, kiwanda kingine cha hapahapa Birmingham. Bibi aliyezifunga senti zile kwenye pindo la kanga alikuwa amebeba kazi ya mtaa huu.

Wapenda michezo wana mambo yao. Villa Park, uwanja wa Aston Villa, ndiko Mbwana Samatta alikosajiliwa Januari 2020 akitokea Genk, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Shuka Witton, ni karibu kuliko Aston, lakini siku ya mechi kurudi hapo ni foleni ndefu, na Aston huwa nafuu. Victoria Square, mbele ya jengo la halmashauri, ndipo ilipomalizikia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2022: Victor Kiplangat wa Uganda dhahabu, Alphonce Simbu wa Tanzania fedha. Siku chache baadaye, pale Alexander Stadium, Ferdinand Omanyala wa Kenya alishinda mita 100.

Chakula cha jioni ni balti, na kikuliwe Sparkbrook au Ladypool Road, kusini mashariki ya katikati ya mji, ambako wapishi wa asili ya Pakistani na Kashmir walikianzisha miaka ya 1970. Balti ni karai. Karai jembamba la chuma, la mtu mmoja, linalopikiwa juu ya moto mkali na kuletwa mezani hilohilo, mchuzi ukiwa bado unachemka pembeni. Hapo ndipo pa kupimia. Karai likija limeungua kwa nje na limekwaruzwa, uko mahali pake. Likija la shaba linang'aa, au bakuli zito la chuma, basi mchuzi umepikwa kwenye sufuria nyingine na kumiminwa, na ule unato wa kitunguu kilichoungua kidogo ukingoni hutaupata. Usiagize wali, kula kwa naani. Naani kubwa ya mezani moja yatosha watu watatu hadi wanne, msiagize kila mtu yake. Migahawa mingi ya huko ni halali na haiuzi pombe.

Kuhusu usafiri kwa jumla, Birmingham ina stesheni tatu katikati ya mji: New Street, Moor Street na Snow Hill. Treni za London Euston huja New Street, na zile za Marylebone, za polepole lakini mara nyingi za bei nafuu, huja Moor Street. Kati ya hizo mbili ni mwendo wa dakika chini ya kumi, ila ukikimbilia isiyo yako tiketi yenye saa maalumu imekufa. Kwenda Wolverhampton panda treni, si tramu. Tramu ina vituo vingi na huchukua zaidi ya mara mbili ya muda. Kwenye mabasi gusisha kadi ya benki, na utumie hiyohiyo siku nzima ili kikomo cha siku kihesabiwe. Ukilipa taslimu usitegemee chenji. Aliyekodi au kuazima gari ajihadhari na eneo la hewa safi ndani ya barabara ya A4540: tangu Juni 2021 gari lisilotimiza viwango hulipa pauni 8 kwa siku, kwa intaneti, na hapana kizuizi wala kibanda cha kukukumbusha. Kamera imekuona, na una siku sita tu baada ya kuingia kabla faini haijatumwa kwa mwenye gari. Petroli ya kuanzia 2006 na dizeli ya kuanzia mwishoni mwa 2015 kwa kawaida hazina tatizo, lakini ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali kwanza.

Siku ya tatu ni Coventry, chini ya nusu saa kwa treni, ukivuka mashamba ya Meriden, karibu kipande pekee cha kaunti ambacho miji haijakimeza. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 mabomu ya Ujerumani yaliteketeza kanisa kuu la St Michael. Kuta zimeachwa bila paa, na kanisa jipya la Basil Spence, lililowekwa wakfu mwaka 1962, limeungana nazo ubavuni. Watu huingia, hutazama zulia la ukutani la Graham Sutherland lenye kimo cha kama mita 23, hupiga picha, hutoka. Wengi hawaoni madirisha. Kuta za pembeni zimekunjwa kama msumeno, na vioo vya rangi vinatazama madhabahuni, kwa hiyo anayeingia huona mawe matupu mpaka mwisho. Nenda mpaka mbele kabisa, simama mgongo ukiwa kwenye zulia, ndipo ugeuke.